Vikopo Vilivyokuwa Safi Kupita Kiasi

Watoto wa Garissa waliniita Kaadi. Kwa Kisomali kaadi ni mkojo, na kwa kuwa nimetumia zaidi ya nusu ya umri wangu nikipokea mikojo ya watu, sikuwa na la kujitetea. Napita mtaani na kisanduku changu cha barafu, nasikia nyuma yangu, "Kaadi! Kaadi!" Mama zao wanawafokea huku wenyewe wanacheka ndani ya shungi. Nyinyi mlioajiriwa juzi mtapewa majina pia. Yapokeeni tu, maana ukinuna wataongeza la pili.

Mimi ni Mulwa, Mkamba wa Mwingi. Nililetwa huku kikazi kwa miaka miwili, nikakaa mpaka nikastaafu mwaka jana. Kazi yangu ilikuwa maabara ya minyoo, hasa kichocho, wale minyoo wanaokaa kwenye mishipa ya damu karibu na kibofu na kumfanya mtu akojoe damu. Mkuu wenu ameniomba niwaambie mambo mawili matatu ya kuwatia moyo. Ya kuwatia moyo sina. Nina moja la kuwatia hofu, na nadhani hilo ndilo mnalolihitaji, maana nimeona mnavyoziamini hizo tableti zenu za kuandikia. Mimi likinijia hata leo, mgongo unalowa jasho.

Kwanza mjue tulichokuwa tukitafuta. Ukipima kichocho kijiji kizima, ukawapanga watu kwa umri, unapata kitu kama mlima. Watoto wachanga hawana kitu. Wakianza kuoga mferejini wanapanda, wanapanda, mpaka kwenye miaka kumi na kitu, hapo ndipo kileleni. Kisha watu wazima wanashuka. Sasa swali la watu wa hesabu ni hili: kwa nini wanashuka? Huenda mtu mzima haogi tena mferejini, basi, hakuna la ajabu. Au huenda mwili wake umejifunza kumzuia mnyoo. Na kwa kichocho mwili hujifunza polepole sana, kwa sababu mnyoo huishi humo miaka na miaka bila fujo, na anapokufa ndipo mwili unapomtambua vizuri. Ndiyo maana tulichukua na damu. Kwenye damu kuna kingamwili za namna mbili tulizozitafuta: moja inampiga mnyoo, nyingine inaituliza ile ya kwanza. Mtoto mwenye minyoo hai ana ile ya kutuliza kwa wingi. Mtu mzima aliyekwisha kujikinga, ile ya kupiga ndiyo inayotawala.

Aliyekuwa akitufanyia hesabu ni Wambui, binti wa Nairobi, kichwa chake si cha mchezo. Alijenga modeli kwenye kompyuta. Anaiambia kompyuta minyoo wanaingiaje mwilini, wanakufaje, mwili unajifunza kwa kasi gani, halafu anatazama kama mlima wa kompyuta unafanana na mlima wetu wa kweli. Mimi kazi yangu ilikuwa kumletea huo wa kweli. Shikeni hapo, kwa sababu hapo ndipo nilipoharibu.

Msidhani nilikuwa mgeni wa makosa. Nilipokuwa kijana kama nyinyi nilipeleka sampuli kutoka Modogashe kwa lori la mbuzi, kwa sababu gari letu lilikufa njiani. Nikamwambia dereva, "Weka kisanduku hiki kivulini." Akasema, "Usijali, bosi." Akakiweka juu ya turubai, utingo akakiegemea mpaka Garissa, kifuniko wazi, jua la saa saba linapiga. Nilipofungua, mayai yalikuwa yameshaanguliwa, nikabaki kuhesabu maganda. Aliyekuwa mkuu wangu wakati huo, Bwana Mwashigadi, Mtaita mmoja mkali kama pilipili mbuzi, alichungulia kwenye hadubini yangu kwa muda mrefu. Akaniambia, "Hongera, Mulwa. Umetotoa vifaranga." Kwa wiki nzima aliniuliza kama wanakula vizuri.

Bwana Mwashigadi alinifundisha mengi. Mkojo wa kichocho chukua kati ya saa nne na saa nane mchana, ndipo mayai yanapotoka kwa wingi, na kabla hajakojoa mwambie mtu atembee kidogo. Usisuuze bomba la sindano kwa maji ya mfereji. Usiandike umri alioandikiwa mtoto shuleni, muulize mama yake alizaliwa ukame upi na mvua ipi, maana umri wa shuleni watu huupunguza. Na moja alilisema kila safari, mpaka tukawa tunalimalizia kwa pamoja: kikopo cha mwanamke kipokelewe na mwanamke. Nililijua kama ninavyojua Baba Yetu. Na nikalivunja.

Ilikuwa kijiji kimoja cha kando ya Tana, upande wa Balambala, jina lake naliacha. Tulikuwa na mhudumu wa afya wa pale, Eeddo Khadija, mama mtu mzima. Eeddo ni shangazi, kila mtu humwita hivyo, wakubwa kwa wadogo. Khadija ndiye aliyekuwa akipokea vikopo vya wanawake siku zote. Lakini safari ile alikuwa Garissa kwa shughuli zake, akataka kurudi nasi, na gari lilikuwa na nafasi moja tu. Ama akae Khadija, ama ikae mashine ya kuzungusha damu. Nikachagua mashine. Nilimwambia, "Eeddo, utakuja na basi la kesho." Akanitazama tu, akasonya, akachukua mfuko wake. Nikajisemea, mashine haisonyi.

Basi nikakaa mezani mimi mwenyewe, mwanamume mgeni na glavu zake, nikigawa vikopo kwa kina mama. Damu niliwatoboa kidole palepale, vikopo wakavichukua, wakaenda navyo majumbani, wakarudi upesi sana. Vikopo vilikuwa bado na joto. Nilifurahi! Nilimwambia dereva, "Unaona? Kina mama wa hapa hawana maringo." Siku moja tukamaliza kijiji kizima. Kesho yake Khadija aliposhuka kwenye basi, sisi tunafunga mizigo.

Mchoro wa Wambui ulipotoka, ulikuwa mzuri ajabu. Watoto juu, wanaume wakishuka taratibu, na wanawake wakianguka hadi karibu na chini kabisa. Wambui alipiga makofi. "Mzee Mulwa, imefiti! Yaani modeli na data vimelala pamoja kama mapacha!" Maana yake, wanawake wa kijiji kile walionekana wamejikinga sawasawa. Na kwa kuwa dawa hazikutosha watu wote, mchoro huo ungepeleka vidonge kwa watoto wa shule peke yao. Mimi nikaandika karatasi za majibu, moja kwa kila mtu, kwa mwandiko wangu huu mnaousifu. Hakuna mayai ya kichocho. Sahihi. Muhuri.

Wiki kadhaa baadaye, Alhamisi asubuhi, simu ikalia. Ni Khadija.

"Asalaam aleikum, Mulwa. Umekaa?"

"Waleikum salaam, Eeddo. Nimesimama."

"Kaa. Karatasi gani hii ulimwandikia Habiba? Inafunja nyumba ya mtu."

Habiba alikuwa mke wa Hussein, mchuuzi wa mbuzi, mama wa watoto watatu, wa mwisho bado ananyonya. Khadija alinieleza bila kupumua. Habiba alikuwa akitoka damu kwa miezi, na maumivu ya chini ya kitovu yanayomkunja. Mumewe alitulia akisubiri majibu yetu, akijua ni kichocho kama cha watoto. Karatasi ikaja: hakuna. Sasa kama si kichocho, ni nini? Sokoni hawakosekani wenye majibu. Wakamwambia hayo ni maradhi ya wanawake wanaotoka nje ya ndoa. Hussein akachemka, akasema maneno mbele ya watu, kwamba mkewe amemletea uchafu nyumbani. Kesho baada ya sala ya Ijumaa wazee wangekaa, ampe talaka mbele yao, na Jumamosi Habiba apandishwe lori arudishwe kwa baba yake Wajir, wale watoto wawili wakubwa wakibaki.

"Yeye mwenyewe anasemaje?" nikauliza.

"Anasema hakufanya kitu. Amesema mbaka amechoka! Nani anasikia?"

Na hapa, vijana wangu, nitawaambia jambo la aibu. Nilijitetea. Nilimwambia, "Eeddo, mimi huandika nilichokiona."

"Na ulichokiona kilikuwa cha nani?" Akakata simu.

Nikakaa sasa. Nikafungua kabati la slaidi tulizozihifadhi kwa ukaguzi, nikaitafuta ya Habiba, nikaiweka chini ya hadubini. Kweli, hakuna mayai. Nikashusha pumzi. Kisha nikaona kitu kingine, au tuseme sikukiona. Mkojo wa mwanamke mzima karibu kila mara una chembe bapa bapa za ngozi ya ndani, zimetawanyika kama maganda ya kitunguu. Si ugonjwa, ni kawaida tu, nazo hubaki juu ya chujio pamoja na mayai. Mimi nimezitazama miaka yote hiyo mpaka sizioni tena, kama usivyoziona nyusi zako. Slaidi ya Habiba haikuwa na hata moja. Ilikuwa nyeupe, tupu, kama nimechuja maji ya chupa.

Nikachukua ya mwanamke aliyefuata kwenye orodha. Tupu. Ya tatu, tupu. Nilipofika ya kumi shati lilikuwa limenigandia mgongoni. Mkojo wa mtu mzima haukai hivyo. Mkojo mwembamba hivyo, usio na kitu, ni wa mtu ambaye bado anakunywa maziwa tu.

Nikamwita Wambui. Nilipomweleza alisimama na kikombe cha chai mkononi, uso umembadilika.

"Mzee, usiniambie hivyo. Jumatatu naiwasilisha hii ripoti. Ni kazi ya miezi minane!"

"Najua."

"Unajua? Slaidi kumi zimekosa ngozi ndiyo nitupe kila kitu? Si labda ulizichuja vibaya?"

Angekuwa binti yangu ningemjibu kwa ukali. Lakini alikuwa na haki ya kuniuliza. Nikamuuliza mimi jambo moja tu, damu za wanawake zilisemaje. Akaweka kikombe chini, akafungua kompyuta.

"Zilikataa kukaa kwenye mstari," akasema polepole. "Zile kingamwili za kutuliza zilikuwa juu sana. Kama za watoto. Nikafikiri mashine imekosea, nikazitoa."

"Ulizitoa ngapi?"

"Za wanawake?" Akashika mdomo. "Karibu zote."

Jamani! Damu ilitwambia kwamba wanawake wale wana minyoo hai mwilini, nasi tukaitoa damu nje kwa sababu imebishana na mkojo. Na mkojo wenyewe haukuwa wao. Sikujua nimkasirikie nani, nikajikasirikia mwenyewe, hasira ya kweli, mpaka nikasukuma kiti kikaanguka.

Gari lilikuwa Dadaab, likarudi jioni. Ijumaa alfajiri tukaondoka, mimi, Wambui na dereva, na hadubini ya zamani yenye kioo, inayotumia mwanga wa jua, maana zahanati ya pale umeme ni bahati. Mvua ilikuwa imenyesha upande wa juu. Tukafika laga, lile korongo ambalo mwaka mzima ni mchanga mtupu, tukakuta maji mekundu yanapita na matawi ya miti. Dereva akazima gari.

"Tunangoja."

"Tunangoja mpaka saa ngapi?"

"Mpaka yashuke. Mimi nina watoto, Mzee."

Tulingoja saa mbili na zaidi. Nilitembea ukingoni nikitazama jiwe moja lililokuwa limezama, nikiliombea litoe kichwa. Saa nne na nusu jiwe likaonekana, dereva akavua viatu akaingia kupima kina kwa miguu yake, akarudi akasema bismillahi, ingawa ni Mkristo mwenzangu. Tukavuka maji yakigonga mlango.

Tulifika zahanati saa tano na nusu. Khadija alikuwa mlangoni. Hakunisalimia. Ndani, nyuma ya pazia, alikuwepo Habiba na mtoto wake kifuani. Nilisimama upande wangu wa pazia, nikamsalimu, nikaanza kueleza kwamba nahitaji kikopo kingine. Nikaropoka na methali juu yake: "Dada, mficha maradhi kifo humuumbua."

"Wewe nyamaza," akasema Khadija.

Habiba alikuwa amesoma hadi darasa la sita, Kiswahili chake kizuri. Sauti yake ilikuwa imekauka. "Sikuficha, Daktari. Nilikuwa nangoja Eeddo. Ulikuja wewe, ukakaa pale mezani. Mwanamume mgeni. Nikupe mkojo wangu mkononi? Na ukinimwagikia nguo, nitaswali na nini? Sote tulishauriana. Mtoto wa kiume anayenyonya, najisi yake ni nyepesi, unanyunyizia maji tu, basi. Tukakinga wa watoto. Tulijua wewe unataka vikopo vijae uondoke."

Alikuwa amesema kweli tupu, hata hilo la mwisho.

"Kwa nini hukumwambia mumeo?"

"Nimwambie nilidanganya serikali? Si ataona nimedanganya na hilo lingine?" Akaanza kulia, kilio cha chini kwa chini. "Mimi sikufanya kitu. Wallahi sikufanya kitu."

Nikatoka nje, nikamwachia Khadija kikopo. Walizunguka nyuma ya zahanati mara tatu, mama mzima akimtembeza mwenzake kama nilivyofundishwa. Khadija aliporudi, kikopo kilikuwa chekundu kama chai ya rangi.

Msikitini wakaadhini.

Nikavuta mkojo kwenye bomba, nikafunga chujio, nikasukuma. Haikwenda. Damu ilikuwa imeziba. Nikasukuma kwa nguvu, mimi, fundi wa miaka yote hiyo, na kile kitambaa cha chujio kikapasuka, nusu ya sampuli ikamwagika mezani. Wambui akasema "Mungu wangu." Anayechuja damu asukume polepole, kidogo kidogo, kama anamlisha mgonjwa uji, hilo hata mwanafunzi analijua. Nusu iliyobaki niliisukuma hivyo, dakika nzima kwa kila kipimo, nikiisikia hotuba ya Ijumaa ikiendelea kwenye kipaza sauti. Nikageuza kioo kwenye jua, nikainama.

Chembe bapa, tele. Chembe za damu, tele. Kisha likapita moja, refu kidogo, lenye mwiba mdogo mkiani. Yai la kichocho. Nikasogeza. Lingine. Matatu pamoja. Niliacha kuhesabu, nikasimama nikamwacha Wambui atazame. Alitazama kwa muda mrefu, na alipoinua kichwa alikuwa analia, huyo aliyetaka kuutetea mchoro wake jana.

Sasa sikilizeni hili, lina maana kuliko hadubini. Majibu ni ya mgonjwa. Nilitaka kukimbia nayo msikitini, nilitaka sana. Badala yake niliandika karatasi mpya, nikaipitisha chini ya pazia. Nikamwambia, "Unacho kichocho, kingi. Hili ndilo linalokutoa damu. Si kosa lako na halina aibu. Kinatoka kwenye maji ya mfereji unapofua. Karatasi ni yako, ukitaka ichane."

Habiba akasema, "Eeddo, waite waje hapa."

Wakaja moja kwa moja kutoka kwenye sala, wazee wanne na sheikh, na Hussein nyuma yao, mtu mrefu mwenye ndevu zilizopakwa hina, macho mekundu. Wakakaa kwenye benchi za wagonjwa. Khadija akatoa karatasi. Hussein akaisoma, akatoa nyingine kutoka mfukoni, iliyokunjwa kunjwa mpaka imechoka, akaziweka pamoja.

"Daktari, hii yako? Na hii yako?"

"Zote zangu."

"Moja hana. Moja iko nayo. Mimi naamini ibi?"

Hapo ndipo nilipokuwa na njia mbili. Ningeweza kusema kina mama walinidanganya, na ingekuwa kweli, na wanawake wa kijiji kizima wangekwenda nyumbani siku ile kukutana na hasira za waume zao. Nikasema, "Ya kwanza nilikosea mimi. Nilichukua sampuli kwa njia mbaya, nikaharakisha, nikaandika nisichokuwa na uhakika nacho. Ya pili imetoka leo, hapa hapa." Mzee mmoja akauliza kama mtu wa serikali hukosea. Nikamwambia hukosea sana. Akacheka peke yake.

Hussein alitaka kuona kwa macho yake. Nilimtazama Khadija, Khadija akaingia ndani, akatoka. "Habiba anasema mwonyeshe." Akainama kwenye hadubini, yule mtu mrefu, akafumba jicho moja kama nilivyomwambia. Alikaa pale mpaka nikafikiri haoni kitu. Aliponyanyuka alikaa chini sakafuni, akaziba uso kwa kilemba chake.

Sheikh akamshukuru Mungu. Wazee wakasema alhamdulillah, jambo limekwisha, talaka haijatamkwa, mtu arudi na mkewe nyumbani wakale chakula cha mchana. Walikuwa wameanza kusimama. Hata mimi nilikuwa nimeanza kufungasha, moyo umetulia.

"Halijakwisha," ikasema sauti nyuma ya pazia.

Wakakaa tena.

"Mimi nilimwambia kwa mdomo wangu. Mara ngapi? Nililia, niliapa. Hakuniamini. Aliamini karatasi ya huyu Mkamba. Leo karatasi imegeuka, ameamini karatasi. Mimi bado hajaniamini." Mtoto alilia kidogo, akambembeleza, akaendelea. "Maneno aliyasema sokoni, penye watu. Akayarudishe sokoni. Leo. Na Daktari aende naye, karatasi ilikuwa yake."

Wazee wakatazamana. Mmoja akaanza kusema juu ya aibu ya mwanamume mbele ya watu. Hussein akamkatiza kwa kunyanyua mkono, akainuka.

Mtaniuliza kama walirudiana. Walirudiana, lakini si siku ile. Habiba alikaa kwa Khadija kwanza, akala anjera na chai ili vidonge visimchafue tumbo, akapimwa urefu kwa kijiti cha kujua idadi ya vidonge, akavimeza vyote vichungu hivyo bila kukunja uso. Alikaa huko mpaka alipotaka mwenyewe. Na mchoro mnaofundishwa sasa, ule ambao wanawake hawashuki, unaokaa kama bega upande mmoja wa mlima, ni wa Wambui. Jumatatu ile hakuwasilisha kitu. Alisimama mbele ya wakubwa akawaambia data ya wanawake ni batili, na kosa ni letu. Walimkaripia. Alirudi Balambala mara nne kuchukua upya, Khadija akiwa mezani.

Lakini mimi nataka kuwamalizia Ijumaa ile. Sokoni watu walikuwa wamesharudi kutoka kwenye sala. Mbuzi upande mmoja, kina mama wa maziwa na madumu yao upande wa pili. Hussein alikwenda moja kwa moja katikati, pale madalali wanaposimama, akasema kwa Kisomali, kwa sauti ya kuuza mbuzi: Mke wangu ni mgonjwa, maradhi ya maji. Hana kosa. Mimi nilimsingizia hapa hapa, na nimekuja kusema nimekosa. Dalali mmoja akakohoa. Kisha soko zima likanitazama mimi.

Kisomali changu ni cha kununulia nyanya. Nikasema, "Aniga ayaa qaldamay," yaani ni mimi niliyekosea, nikarudia tena kwa Kiswahili, kwamba niliandika wanawake hawana kichocho, na sikuwa nimewapima, na wenye kutoka damu si wenye dhambi.

Nilisimama pale na glavu mfukoni, nisijue nibaki au niondoke. Kisha mama mmoja muuza maziwa akaacha dumu lake, akavuta shungi mpaka usoni, akapita pembeni ya mbuzi, akaenda kwa Khadija, aliyekuwa ametufuata, akamnong'oneza sikioni. Akafuata wa pili. Wa tatu alikuwa bibi kizee anayetembelea mkongojo, na nyuma yake mstari ukaanza. Khadija akanyoosha mkono kwangu bila kunitazama, akitaka vikopo. Garini tulikuwa navyo kumi na viwili, na havikumfikia hata aliyekuwa katikati ya mstari.